Loto na pari: pesa isiyoandaliwa nafasi haikai

Kila Jumamosi, kabla mpira wa Ulaya haujaanza, vibanda vya pari vinajaa watu Lubumbashi, Kisangani, Bunia, Butembo na Kalemie. Wamotari wanaegesha pikipiki zao, vijana wasio na kazi wanasogea, walimu wanapita wakitoka shuleni, na kila mmoja anainamia karatasi yenye majina ya timu za Uingereza, Uhispania na Ujerumani. Wengine hawaendi tena kibandani. Wanacheza kwa simu, wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hata usiku wa manane watoto wakiwa wamelala. Kando yao wapo wanaochagua namba za loto na wanaokwangua tiketi wakitafuta alama ya bahati.

Ukiwauliza watafanya nini wakishinda, majibu yanafanana. Watanunua lupango, watapandisha nyumba ya mabati, watalipa pesa ya masomo ya watoto, watapata pikipiki yao wenyewe badala ya kuendesha ya patroni na kumpelekea malipo kila jioni. Wengine watampeleka mama hospitali.

Hizo si ndoto za watu wajinga. Ni mahitaji ya kila siku ya wakaaji wa nchi ambamo mshahara unachelewa, benki haimkopeshi muuza nyanya, na elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za serikali, huku sekondari ikiendelea kulipiwa na wazazi. Kwa hiyo suala la loto na pari halitatuliwi kwa kuwatukana wanaocheza. Halitatuliwi pia kwa kuwadanganya. Wanastahili kuambiwa ukweli kuhusu mambo mawili: nafasi waliyo nayo ya kushinda, na kile ambacho pesa ya ghafla inafanya inapoingia mkononi.

Hesabu ambayo haiandikwi ukutani

Katika loto ya kuchagua namba 6 kati ya 49, ambayo imechezwa katika nchi nyingi duniani, kuna michanganyiko 13 983 816. Mmoja tu ndio unaoshinda zawadi kubwa. Ni karibu sawa na kumtafuta mtu mmoja katika Kinshasa nzima, kuanzia Maluku hadi Mont Ngafula, bila kujua jina lake wala avenue yake. Mtu anayenunua tiketi mbili kila wiki, bila kukosa wiki hata moja, angesubiri kwa wastani zaidi ya miaka 134 000.

Wapenzi wa pari wanajibu kwamba wao hawako katika mambo ya bahati. Wanasema wanajua mpira: wanajua nani ameumia, nani amechoka, timu gani haishindi ugenini. Kujua mpira ni kweli wanajua. Lakini kampuni nayo inajua, tena ina kompyuta na watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo tu. Zaidi ya hapo, kampuni haihitaji kumshinda mchezaji kwa ujuzi. Inapanga malipo yawe chini kidogo ya nafasi halisi, basi.

Mfano mwepesi utaonyesha. Tuseme mechi ina nafasi sawa pande mbili, kama kurusha sarafu. Malipo ya haki yangekuwa mara 2. Kampuni inalipa mara 1,90. Tofauti inaonekana ndogo, na kwa mechi moja ni ndogo kweli. Lakini wachezaji wengi hawachezi mechi moja. Wanacheza kombine ya mechi kumi, kwa sababu ndiyo inayoahidi pesa nyingi kwa franka chache. Kupata mechi kumi kama hizo zote ni nafasi 1 kati ya 1 024. Tiketi ya franka 500 ingestahili kulipa franka 512 000. Kwa mara 1,90, inalipa karibu franka 306 500. Ile tofauti ndogo imezidishwa mara kumi, na kati ya kila franka 100 zinazochezwa namna hiyo, karibu 40 zinabaki kwa kampuni. Tiketi yenyewe haisemi hivyo. Inaandika tu kiasi ambacho mtu anaweza kushinda.

Kuna jambo la pili linalowashika vijana kuliko hata zawadi yenyewe: kukosa kwa mechi moja. Kila kijiwe kina mtu anayesimulia jinsi mechi tisa zilivyoingia na ya kumi ikamchoma katika dakika za mwisho. Anaamini kwamba yuko karibu, kwamba wiki ijayo ni yake. Lakini katika hesabu ileile ya mechi kumi, kwa kila mtu mmoja anayepata zote, wapo kumi wanaokosa moja tu. Kukosa kidogo ni jambo la kawaida katika mchezo huo. Halionyeshi kwamba bahati inasogea. Wiki ijayo mtu huyo anaanza tena kwenye 1 kati ya 1 024, kama yule ambaye hajawahi kucheza.

Na mwenye hasara si yeye peke yake. Franka zinazoingia kibandani zilikuwa na kazi nyingine. Zilikuwa mtaji wa mama aliyempa kijana wake akanunue unga wa kuuza. Zilikuwa malipo ya patroni wa pikipiki, na akizikosa siku tatu mfululizo, pikipiki inachukuliwa na kazi imekwisha. Zilikuwa pesa ya masomo ya muhula, na mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya mwaka. Mchezaji anasema ametupa franka 500 tu. Nyumbani kwake wanajua kwamba ni franka 500 za leo, za jana na za kesho.

Pesa ikija kweli

Hata hivyo, wapo wanaoshinda. Je, maisha yao yanabadilika?

Jibu la haki ni kwamba inategemea. Huko Marekani, katika jimbo la West Virginia, mfanyabiashara mmoja alishinda mwaka 2002 zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 314,9. Alikuwa na kampuni ya ujenzi na alikuwa tajiri tayari, hivyo hakuwa mtu asiyejua kushika pesa. Miaka iliyofuata ilimletea wizi, kesi nyingi mahakamani na misiba ndani ya familia yake. Habari yake ilizunguka dunia nzima, na mara nyingi inatajwa kama ushahidi kwamba pesa ya loto ina laana.

Lakini habari ya mtu mmoja haitoshi. Katika jimbo la Florida, watafiti walifuatilia watu walioshinda kati ya dola 50 000 na 150 000, wakawalinganisha na wale walioshinda kiasi kidogo. Kazi yao ilichapishwa 2011. Waliona kwamba katika miaka miwili ya kwanza, walioshinda pesa nyingi walifilisika kwa uchache zaidi. Kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano, walifilisika kwa wingi zaidi. Mwisho wa hesabu, pande zote mbili zilikuwa sawa. Pesa haikufuta shida ya madeni, iliiahirisha tu.

Huko Sweden matokeo ni tofauti. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba walioshinda zawadi kubwa walikuwa wameridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba pesa haileti raha, na asiyekuwa nayo hapaswi kufarijiwa kwa uongo huo. Ila Sweden ni nchi ambamo hospitali, shule na pensheni vipo kabla mtu hajashinda chochote. Zawadi inapoingia, haikuti mashimo ishirini yanayoisubiri. Mtu anaweza kuiweka na kuitumia polepole.

Kongo haihitaji kwenda Florida wala Sweden kutafuta mifano. Kila aliyeishi karibu na machimbo ya Kolwezi, Mongbwalu au Walikale anaijua pesa ya ghafla. Mchimbaji anashinda wiki nyingi shimoni bila kitu, anaishi kwa deni la chakula na deni la vifaa. Siku moja anaangukia mshipa mzuri. Usiku huo bia inamwagika, nguo mpya zinanunuliwa, marafiki wanaongezeka. Baada ya mwezi amerudi shimoni kwa deni lilelile. Lakini katika mashimo hayohayo wapo waliotoka na nyumba, na mara nyingi si wale walioangukia mshipa mkubwa zaidi. Ni wale ambao, kabla ya siku ile, walikuwa wamekwisha kumuulizia mwenye lupango bei, walikuwa na mke au dada anayepokea pesa na kuiandika, na walijua kitu cha kwanza kitakuwa nini na cha pili kitakuwa nini. Pesa ilikuta nafasi imeandaliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mashimo yetu yanathibitisha hilo kila siku.

Familia inapokuwa kubwa

Pamoja na hayo, tusimlaumu mshindi kana kwamba anaishi peke yake kisiwani. Siku habari ya ushindi inapotoka, familia inakuwa kubwa. Baba mkubwa ana kesi ya shamba, shangazi ana mtoto wa kufanyiwa upasuaji, mdogo wake anataka kumaliza mahari, majirani wana matanga, kanisa lina ujenzi. Wengi wao hawadanganyi. Shida zao ni za kweli.

Na mshindi hawezi kuwafukuza kirahisi. Mahali ambapo watu wengi hawana bima ya afya wala pensheni, ndugu ndio bima. Yule anayechanga kwenye msiba wa leo ndiye atakayechangiwa kesho. Anayefunga mlango leo akiwa na pesa atagonga milango mingi siku atakayoishiwa. Kwa hiyo anatoa hapa na pale mpaka pesa inakwisha, na hakuna hata mmoja aliyepata kiasi cha kubadilisha maisha: kila mmoja amekula wiki mbili. Kisha lawama zinabaki, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake alipewa zaidi.

Hapa ndipo ndoto ya loto inapokosea zaidi. Inamwonyesha mtu mmoja na mlima wa pesa. Haionyeshi watu thelathini waliosimama chini ya mlima huo, wote wakiwa na haki ya kuomba. Pesa inayobadilisha maisha huku kwetu ni ile ambayo ndugu wanajua iko wapi, inangoja kazi gani, na kwa nini haiwezi kuguswa leo.

Pesa ya mara moja inawezekana

Kwa nini basi mtu mwenye akili zake anaendelea kucheza? Watafiti waliuliza swali hilo huko Kampala, nchini Uganda, mji ambao vibanda vya pari vimejaa kama huku kwetu. Kazi iliyochapishwa 2021 ilionyesha kwamba watu wengi wanacheza kwa sababu wanatafuta kiasi kikubwa kwa mara moja, cha kununua kitu ambacho hakinunuliwi kwa vipande: pikipiki, kiwanja, mtaji. Hawaoni njia nyingine ya kukipata. Na watafiti walipowapa baadhi yao sanduku dogo la kuwekea akiba nyumbani, hamu yao ya tiketi za pari ilipungua. Hawakuhubiriwa wala kutishwa. Walionyeshwa tu njia nyingine ya kufika kulekule.

Katika Kongo njia hiyo ina majina yanayojulikana. Kuna likelemba, ambapo wauzaji kumi wa soko wanatoa kila mmoja franka 5 000 kwa siku, na kila siku mmoja wao anaondoka na 50 000. Aliyepata leo ananunua gunia zima badala ya kununua kwa kopo. Hiyo nayo ni pesa ya mara moja, ila kila mmoja anajua siku yake, na hakuna anayekosa.

Kuna pia AVEC, vyama vya akiba na mikopo vya mtaa na kijiji, ambavyo vimeenea sana upande wa mashariki. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991 na umeenea Afrika nzima. Watu kama ishirini na tano wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kadiri ya uwezo wake, pesa inahesabiwa mbele ya wote na kuandikwa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa, kwa kawaida hadi mara tatu ya akiba yake, na kurudisha na riba inayobaki mali ya wote. Kuna mfuko mdogo pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Baada ya mwaka mmoja hivi, sanduku linafunguliwa na kila mmoja anagawiwa chake.

Faida ya sanduku hilo si riba peke yake. Mwanachama anapata jibu la heshima kwa ndugu anayeomba: pesa ipo, lakini funguo ziko kwa watu watatu, na siku ya kugawana inajulikana. Hakuna anayeweza kumwita mchoyo. Na msiba ukitokea, mfuko wa msiba upo.

Hesabu yake iko wazi. Motari anayecheza pari ya franka 2 000 kwa siku, siku sita kwa wiki, anapeleka kibandani franka 624 000 kwa mwaka. Akicheza kombine kama zile za mfano wa juu, kwa wastani karibu 250 000 hazirudi. Zinazorudi zinakuja kidogo kidogo, na zinarudishwa kibandani jioni ileile. Akipeleka 2 000 zilezile AVEC, mwisho wa mwaka ana 624 000 zote kwa pamoja, na riba juu yake, bila kuhesabu mkopo aliokwisha kuchukua katikati ya mwaka kununua matairi. Kiasi hicho hakimfanyi bosi. Lakini kinaweza kuwa malipo ya kwanza ya pikipiki yake mwenyewe.

Woga wa watu una sababu

Mtu anaweza kusema kwamba akiba ni wimbo mzuri, lakini Kongo imewaadhibu mara nyingi waliojiwekea. Ni kweli, na haifai kulificha. Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na wakaaji wengi waliokuwa wamezificha nyumbani hawakuwahi kuzibadilisha. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franka moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Mzazi aliyeyaona yote hayo akimwambia mtoto wake kwamba kuweka pesa ni kuipoteza, hasemi upuuzi.

Lakini wazazi haohao wanakumbuka pia mwaka 1991. Wakati ule Kinshasa ilishikwa na homa ya Bindo na michezo mingine iliyofanana nayo. Watu waliahidiwa kwamba atakayeweka pesa yake atairudishiwa mara kadhaa baada ya wiki chache. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa pesa za waliofuata, na habari zao ndizo zilizowavuta wengine. Wafanyakazi walipeleka mishahara, wengine waliuza magari na nyumba. Kisha milango ikafungwa. Septemba ya mwaka huohuo uporaji ulipoupiga mji, familia nyingi zilikuwa hazina tena kitu cha kushikilia.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba pesa isiyoonekana mahali ilipo ni hatari, iwe katika akiba au katika mchezo. Ubora wa AVEC na likelemba uko hapo: kipindi ni kifupi, pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wenyewe, na mwanachama anaweza kuigeuza haraka kuwa bidhaa, mbuzi, mabati au lupango kabla thamani ya franka haijashuka. Si kinga kamili. Mweka hazina mwizi yupo, na mwanachama anayekopa na kukimbia yupo. Lakini anajulikana jina, nyumba na ndugu zake. Kwenye programu ya simu inayokula franka 2 000 kila siku, mchezaji hajui hata anayempelekea pesa ni nani.

Wajibu wa serikali na wa wengine

Itakuwa ni kumwonea kijana kumwambia ajirekebishe peke yake wakati vibanda vinaota kando ya shule na matangazo yanamfuata mpaka ndani ya simu. Serikali ndiyo inayotoa ruhusa ya michezo hiyo na ndiyo inayokusanya kodi. Ina wajibu wa wazi.

Kwanza, umri. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kibanda kinachopokea pesa ya mwanafunzi kifungwe, na kampuni za simu zisaidie kuzuia namba za watoto. Pili, ukweli. Pakiti ya sigara inabeba onyo. Tiketi ya loto na ya pari ibebe nafasi halisi ya kushinda, kwa tarakimu kubwa na kwa lugha ambayo wakaaji wanasoma: Kiswahili, Lingala, Tshiluba, Kikongo, na si Kifaransa cha herufi ndogo peke yake. Tatu, hesabu. Mchezaji anaambiwa kwamba pesa yake inasaidia nchi. Basi serikali na shirika la taifa la bahati nasibu, SONAL, watangaze kila mwaka kiasi kilichoingia na zahanati, shule au kiwanja cha mpira kilichotengenezwa nacho. Nne, kibanda kisikubaliwe kando ya shule, na mchezaji wa simu apewe uwezo wa kujiwekea kikomo cha siku ambacho hawezi kukivunja usiku wa manane.

Mashirika ya kiraia, makanisa na misikiti nayo yana sehemu yao. Kusema kwamba pari ni dhambi hakujamtoa kijana kibandani. Parokia inayofungua AVEC ya vijana, na kumfundisha mmoja wao kuandika daftari, inafanya kazi kubwa kuliko mahubiri kumi. Baadhi ya wachungaji wajiulize pia swali gumu. Anayemfundisha mkristo kwamba akipanda dola kumi kwenye mimbari atavuna elfu moja bila jasho, amemfundisha kucheza loto ndani ya kanisa. Asishangae kumkuta kibandani Jumatatu.

Wazazi wazungumze na watoto wao kuhusu pesa mapema, kwa tarakimu, si kwa matusi. Nyumba nyingi zinamficha mtoto kiasi kinachoingia na kiasi kinachotoka. Mtoto aliyeona mama yake akigawa mapato ya soko kwa mafungu, hili la mtaji, hili la chakula, hili la masomo, anajua mapema kwamba kila pesa inahitaji mahali pake.

Anayetaka kucheza franka chache kwa raha ya mechi ni mtu mzima, na raha ni haki yake, mradi aihesabu kama pesa ya bia: imeliwa. Lakini asiite mradi. Mradi una bei iliyoulizwa, tarehe, daftari, na watu wawili watatu wanaojua. Kijana ambaye leo angeulizwa atafanya nini akipata dola elfu moja, na akajibu kwa jina la lupango, bei yake, fundi atakayemwita na mtu atakayemshikia pesa, amekwisha kufanya nusu ya kazi, hata asiposhinda kamwe. Asiyekuwa na jibu hilo, hata akishinda, pesa itapita mkononi mwake kama inavyopita mikononi mwa wachimbaji wengi: kwa kelele usiku mmoja, na kimya mwezi mzima.